UZI: Kabla kijiji hakijasaini mkataba wa kaboni, someni kwanza hesabu ya misitu, kilimo na ardhi ilivyoandikwa (mrefu kidogo)

Bwana Miti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa kampuni zinazozunguka vijijini na mikataba ya hewa ukaa, nimeona watu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema ni utapeli mtupu, na wapo wanaosema neema imetushukia. Kwa asiyejua: kijiji kinatunza msitu usikatwe, na kila tani ya hewa ukaa iliyozuiwa inaandikiwa hati ambayo kampuni inaiuza. Wote mnabishania bei ya tani. Mimi naomba tubishanie hesabu, maana kwenye mikataba ya tabianchi ardhi iliingizwa kama hesabu tangu mwanzo, na aliyekaa mezani wakati kanuni zinaandikwa ndiye aliyefaidi.

Tuanzie Mkataba wa Kyoto, 1997. Nchi tajiri zilikubali kupunguza gesi joto, mwaka wa kulinganishia ukiwa 1990. Swali likazuka: mti ukikua unafyonza kaboni, sasa nchi yenye misitu mingi ihesabiwe hilo kama punguzo, hata kama misitu ingekua yenyewe bila mtu kunyanyua jembe?

Australia waliiona nafasi mapema. Mwaka 1990 wafugaji wao, hasa kule Queensland, walikuwa wanafyeka pori kwa kasi kupata malisho. Wakapigania kipengele kimoja, Ibara ya 3.7, kinachoruhusu nchi ya namna hiyo iingize gesi joto zinazotokana na ufyekaji kwenye hesabu yake ya 1990. Ufyekaji ulikuwa umeshaanza kupungua kabla hata ya mkataba. Maana yake walipandishiwa kianzio, kisha wakapongezwa kwa kushuka. Na lengo lao lenyewe halikuwa kupunguza: waliruhusiwa KUONGEZA asilimia 8. Watu wa mazingira wanakiita "kipengele cha Australia" mpaka leo.

Novemba 2000 nchi zikakutana The Hague kuandika kanuni za Kyoto, mkutano ukavunjika. Marekani, Japani na Kanada walitaka misitu na mashamba yao yahesabiwe, Ulaya wakagoma. Machi 2001 serikali ya Bush ikajitoa Kyoto. Hapo hesabu ya nguvu ikabadilika: ili mkataba uanze kazi ilibidi Japani na Urusi wabaki, na wao walijua hivyo. Kufika mkutano wa Marrakesh mwishoni mwa mwaka huo, Japani ilikuwa imeshapewa tani milioni 13 za kaboni kwa mwaka kutokana na kutunza misitu yake. Urusi ikapandishiwa kutoka milioni 17.63 hadi 33. Siberia haikuongezeka mti hata mmoja kati ya namba ya kwanza na ya pili.

Sisi je? Sisi tuliwekewa dirisha liitwalo Utaratibu wa Maendeleo Safi, yaani nchi tajiri zinunue punguzo kutoka miradi ya nchi maskini. Kwenye misitu liliruhusu kitu kimoja tu, kupanda miti. Kuzuia msitu wa asili usikatwe hakukuhesabiwa. Tena hati za miti iliyopandwa zilikuwa za muda, zina tarehe ya kuisha, na soko la Ulaya ambalo ndilo lilikuwa na wanunuzi halikuzipokea kabisa. Kijiji chenye miombo ya mababu kilikuwa hakina kitu cha kuuza. Mwenye mtaji wa kupanda misonobari na mikaratusi kwenye uwanda wa nyasi ndiye aliyekuwa na biashara.

Mwaka 2005, kwenye mkutano wa tabianchi wa Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica wakasimama wakasema msitu uliosimama nao ulipwe. Bali 2007 wazo likakubaliwa, na kwetu likaja kuitwa MKUHUMI. Aprili 2008 Norway ikaahidi Tanzania krone milioni 500 kwa miaka mitano. Wale mliokuwa Kilosa, Lindi na Kilwa miaka ile mnakumbuka semina, mipango ya matumizi bora ya ardhi, GPS mikononi mwa kamati za maliasili, na vijana wakifunga utepe kwenye miti kupima kipenyo usawa wa kifua. Kuna vijiji mpaka leo vina mipaka inayoeleweka kwa sababu ya fedha ile, hilo siwezi kulikataa.

Sasa hesabu yenyewe. Nachukua kijiji cha kubuni ili kila mtu aone.

Kijiji kina msitu hekta 5,000. Wataalamu wanasema zamani mlikuwa mnapoteza asilimia 1 kwa mwaka, yaani hekta 50. Huo ndio mstari wa kuanzia. Tuchukulie miombo yenu ina tani 40 za kaboni kwa hekta. Kuigeuza kaboni kuwa hewa ukaa unazidisha kwa 44 kisha unagawa kwa 12, unapata kama tani 147 kwa hekta. Mwaka huu mmejitahidi, zimepotea hekta 25 badala ya 50. Mmeokoa hekta 25, sawa na tani 3,675. Inakatwa asilimia 20 kuwekwa akiba, ikitokea moto au uvamizi ifidie. Zinabaki 2,940. Kwa dola 5 ni dola 14,700. Hapo mpimaji, mkaguzi, msajili na kampuni bado hawajachukua chao.

Sasa angalia hapa. Aje mtaalamu mwingine aseme hapana, kwa picha zangu za setilaiti mlikuwa mnapoteza asilimia 0.5, si 1. Mstari unashuka hadi hekta 25. Mmepoteza 25. Malipo ni sifuri. Msitu uleule, doria zilezile.

Msidhani natia chumvi. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilitoa hekta 372,816 za misitu zinazopotea kwa mwaka. Nchi ilipopeleka kiwango chake rejea (yaani mstari wa kuanzia wa taifa) kwenye Umoja wa Mataifa, namba ikawa 469,420. Miaka tofauti, njia tofauti za kupima. Hakuna aliyedanganya, lakini kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya karibu hekta laki moja kila mwaka.

Na ninyi ambao babu zenu waliulinda msitu wa matambiko, haujaguswa tangu enzi? Mstari wenu ni sifuri. Hamna cha kuokoa, kwa hiyo hamna cha kuuza. Aliyefyeka sana jana ndiye mwenye mali leo. Gabon imelalamikia jambo hili miaka mingi, na mwaka 2021 ndipo ilipolipwa dola milioni 17 na Norway kupitia mfuko wa misitu ya Afrika ya Kati, kwa msitu ambao karibu wote umesimama.

Nakaribisha maswali. Matusi peleka jukwaa la siasa.

---

Mbishi wa Mtaa

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka. Sema tu ni wizi. Mwaka 2023 gazeti la Guardian na wenzake wa Ujerumani walichambua hati za misitu zilizoidhinishwa na Verra, shirika linalosajili hati za kaboni, wakasema nyingi hazikuwa na punguzo lolote la kweli. Wazungu wanaendelea kurusha ndege, sisi tunaambiwa tusikate kuni. Mwaka huohuo kampuni ya Dubai, Blue Carbon, ilisaini makubaliano na TFS, wakala wetu wa huduma za misitu, ya hekta milioni 8. Milioni nane! Na Zambia milioni 8 nyingine, Zimbabwe milioni 7.5.

---

Bwana Miti

@Mbishi wa Mtaa, uchambuzi ule shabaha yake ilikuwa mstari wa kuanzia, kitu kilekile ninachokisema hapa. Walilinganisha maeneo ya miradi na maeneo yanayofanana nayo yasiyo na mradi, wakaona ukataji uliotabiriwa usingetokea. Verra wakapinga njia ya ulinganisho, lakini baadaye wakabadilisha kanuni, mstari sasa unatoka kwenye takwimu za eneo zima badala ya kila mradi kujichorea wa kwake. Kwa mnunuzi ni afadhali. Kwa kijiji ni pale pale niliposema: namba inaweza kushuka katikati ya mkataba wa miaka 30.

Yale makubaliano ya Dubai yalikuwa hati ya awali, si uhamisho wa ardhi. Ila nakubaliana nawe kwenye moja: kutangaza hekta milioni 8 kwenye vyombo vya habari kabla watu wa vijiji vinavyopakana na misitu hiyo hawajasikia ni utaratibu mbovu.

Kuita kila kitu wizi nako hapana. Nenda wilaya ya Tanganyika, Katavi. Vijiji 8 vya kule Ntakata vinapokea mabilioni ya shilingi, wamejenga zahanati na madarasa. Jiulize kwa nini wao. Msitu mkubwa, shinikizo la kufyeka lilikuwa kubwa na linapimika, hati za ardhi ya kijiji na mipango ya matumizi vilikuwepo kabla fedha haijaja. Hesabu iliwakubali. Kijiji chenye hekta 800 za msitu mkavu hesabu haitakikubali hata kikiwa na uongozi wa malaika.

---

Mama Ufuta

Kaka Bwana Miti, shikamoo. Mimi ni mkulima Lindi. Naomba unijibu bila kuzungusha. Mwaka ule wa MKUHUMI tulikaa mkutano mkuu, tukagawiwa fedha kidogo ya majaribio kila mtu na sahihi yake. Tukafurahi. Lakini ufuta bei ilipopanda, watu walirudi porini. Ufuta unataka shamba jipya, shamba la zamani majani yanakushinda. Huko kwenye mikutano yao ya dunia, kuna mtu aliyeuliza sisi tulime wapi?

---

Bwana Miti

Marahaba dada yangu. Na hilo ndilo swali la uzi mzima.

Jibu fupi: waliuliza kwa kuchelewa sana. Misitu iliingia kwenye mazungumzo kama mada yake mapema. Kilimo kilikwama miaka na miaka. Nchi tajiri zinazouza nafaka na nyama hazikutaka kuwekewa mipaka. Nchi maskini, India ikiwa mbele, ziliogopa kuambiwa mpunga wao na ng'ombe wao ndio wanaoharibu hewa, zikasisitiza kilimo kijadiliwe kama kitu cha kuhimili ukame na mafuriko tu. Mpaka 2017, kwenye mkutano wa Bonn ulioongozwa na Fiji, ndipo kikapata chumba chake, kinaitwa Kazi ya Pamoja ya Koronivia. Miaka mitano ya warsha. Mwaka 2022 Sharm el-Sheikh wakaongeza miaka minne mingine. Warsha tena.

Wakati huohuo IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, wanasema kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi ni kama asilimia 22 ya gesi joto zote za dunia mwaka 2019. Ufyekaji wenyewe kwa sehemu kubwa unasababishwa na kilimo. Sasa unatenganisha vipi? Chumba hiki wanajadili kulipa msitu usikatwe, chumba kile wanajadili mbegu, na yule anayeukata msitu ili apande mbegu yuko Lindi.

Kuna mahali walijaribu kumlipa mkulima kwa udongo wake. Magharibi ya Kenya, shirika la Vi Agroforestry na mfuko wa Benki ya Dunia. Mbolea ya samadi, kuacha mabua shambani, miti katikati ya mahindi. Januari 2014 wakapata hati za kwanza za kaboni ya udongo barani Afrika, tani 24,788. Wakulima walikuwa karibu 30,000. Gawa mwenyewe: haifiki tani moja kwa mtu. Kwa bei za soko za wakati ule ni dola chache, na haziliwi zote na mkulima. Waliobaki kwenye mradi walibaki kwa sababu mahindi yaliongezeka. Kaboni ilikuwa nyongeza tu.

Kwa hiyo dada, ufuta wako: mradi unaokulipa usifyeke bila kukusaidia kukabili magugu na rutuba kwenye shamba la zamani, hesabu yake itafeli msimu bei ikipanda. Ulishaliona mwenyewe kabla ya wataalamu.

---

Kijana wa Gazi

Salamu kutoka Kwale, Kenya, majirani. Huku kwetu Gazi na Makongeni tuna mradi wa kaboni wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Hekta 117 tu za mikoko, tani kama 3,000 kwa mwaka. Ni kidogo ukilinganisha na hizo milioni zenu. Lakini maji ya bomba yamefika, vitabu vya shule vimenunuliwa, na kamati ni ya wanakijiji wenyewe, kila mwaka tunakaa baraza tukaamua pesa iende wapi.

Kilichotufaa ni kwamba mradi ni mdogo na msitu wenyewe ni wa serikali, sisi tuna makubaliano ya kuusimamia pamoja na shirika la misitu. Hakuna aliyepoteza shamba. Mikoko haigombani na mahindi. Wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, kule mradi wa kaboni ya udongo wa malisho, mambo yamekuwa mengine kabisa. Mahakama ya Isiolo Januari 2025 ilisema baadhi ya hifadhi za jamii zilianzishwa bila kufuata sheria. Unapomwambia mfugaji apeleke ng'ombe kwa ratiba iliyopangwa ofisini, umegusa maisha yake yote.

Pia sheria yetu ilibadilishwa 2023: mradi wa ardhi lazima jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Muulize mwanasheria, asilimia 40 ya NINI. Kabla ya gharama au baada ya gharama? Hapo ndipo pesa inapopotelea.

---

Bwana Miti

Ahsante sana jirani. Hilo la "asilimia ya nini" liandikwe kwa wino mwekundu.

---

Mjomba Kahawa

Mimi niko Kagera, msitu sina, nina mibuni na migomba. Juzi chama cha msingi wamekuja kupima shamba langu kwa simu, wanasema Ulaya wanataka. Nikikataa kahawa hainunuliwi. Hii nayo ni kaboni?

---

Bwana Miti

Mjomba, hiyo ni kitu kingine lakini baba yao mmoja. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa misitu. Zimo kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, mpira, soya na mbao. Shamba likiwa limetokana na msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020, bidhaa haiingii. Kama shamba lako halizidi hekta 4, nukta moja ya GPS inatosha. Likizidi ndipo wachore mpaka mzima. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, lakini wanunuzi wameshaanza kukusanya data.

Hapa dunia imechoka kumlipa mtu asifyeke, imehamia kumfungia soko anayefyeka. Kwako hasara ni ndogo kwa sababu kibanja chenu cha Kagera ni cha zamani kuliko mikataba yote hii. Swali langu ni moja: ile nukta ya shamba lako inabaki kwa nani? Chama kiwe na nakala. Kama inakaa kwa mnunuzi peke yake, mwakani utashindwa kumhama.

---

Mbishi wa Mtaa

Haya, umetuambia yaliyoshindikana. Kitu gani kilifanya kazi Tanzania? Kimoja tu.

---

Bwana Miti

Utacheka. Mkaa.

Kilosa, baada ya semina zote zile za MKUHUMI, mashirika yaleyale yalirudi na fedha za Uswisi na mradi wa mkaa endelevu. Sehemu ya msitu wa kijiji inatengwa kwa ajili ya mkaa, inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Unavuna kimoja, unaacha cha jirani, kama mraba wa drafti. Hukati kwenye kingo za mito wala miti ya mbao. Kisiki kinaachwa kichipue, na kitalu kinarudiwa baada ya miaka 24. Mchoma mkaa analipa ushuru kwa kijiji, anapewa stakabadhi, gunia linatoka na kibali. Vijiji vilijenga madarasa kwa ushuru ule, na kamati zikawa na posho ya doria bila kusubiri mkaguzi kutoka ng'ambo. Fedha haikutegemea mstari wa kuanzia wa mtu yeyote.

Halafu kanuni za 2019 zikarudisha sehemu ya maamuzi ya uvunaji wilayani, na mambo yakaanza kuchelewa. Hiyo ni hadithi nyingine, nami nina hasira nayo, nitafungulia uzi wake.

Kwenye mikutano ya kimataifa huwezi kupanda jukwaani ukasema suluhisho la misitu ni mkaa. Watakutoa nje. Mwaka 2021 Glasgow nchi zaidi ya 140 zilitia saini kukomesha upotevu wa misitu ifikapo 2030, na nishati ya kupikia ya Dar es Salaam haikuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

---

Mama Ufuta

Kijijini kwetu kuna kampuni imeleta karatasi, mwenyekiti anasema tusaini mwezi huu. Tuangalie nini?

---

Bwana Miti

Dada, kwanza mwenyekiti hasaini peke yake, wala halmashauri ya kijiji peke yake. Ardhi ya kijiji, mkutano mkuu ndio unaoamua, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi. Muhtasari wa kikao uwe na mahudhurio. Na tangu 2022 kuna kanuni za serikali za biashara ya kaboni, mradi lazima usajiliwe. Waulizeni namba ya usajili, wakianza kigugumizi mmeshapata jibu.

Kwenye karatasi tafuteni mstari wa kuanzia uko wapi, nani kaupima, na utarudiwa kupimwa lini. Ukishuka, nani anabeba hasara? Kampuni nyingi zinaandika mgawanyo wa mapato vizuri kabisa, halafu hatari yote wanaiacha kijijini. Tafuteni pia neno "ghafi" au "baada ya gharama", kama jirani wa Gazi alivyosema. Mkikuta "baada ya gharama", waambieni waorodheshe gharama kwa majina na waweke kikomo.

Muda wa mkataba: kama ni miaka 30, wajukuu watakuwa wanalima wapi? Mpango wa matumizi bora ya ardhi uangaliwe upya KABLA ya kusaini, mtenge mashamba ya akiba. Mkishasaini, kila ekari mtakayoiomba itaitwa uharibifu.

Na muulize tani zinauzwa kwa nani. Kama ni nchi nyingine inazichukua chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, inayoruhusu nchi kuuziana punguzo, zinaondolewa kwenye vitabu vya Tanzania, nasi tumeahidi kupunguza asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Hilo ni la Dodoma zaidi kuliko lenu, lakini ndilo linaloamua kama serikali itakuja kuwasimamisha katikati ya safari.

Mwezi mmoja hautoshi. Piga picha kurasa zote, funika majina na sahihi, weka hapa. Wanasheria humu wapo, @Kijana wa Gazi naye ameshaona mikataba ya namna hii.

---

Mama Ufuta

Karatasi yenyewe ni Kiingereza, kurasa 41.

---

Bwana Miti

Basi hilo ndilo sharti la kwanza. Andikeni barua leo kupitia kwa mtendaji wa kijiji: hakuna mkutano mkuu utakaoitishwa kabla nakala ya Kiswahili haijabandikwa ofisini. Nakala ya barua iende kwa afisa misitu wa wilaya na kwa mwanasheria wa halmashauri, na mtendaji agonge mhuri wa kupokea.